Picha za Finalisti Zikawa Zangu

Dola tano, kilo mbili za ndagala kavu, yaani dagaa, krediti ya simu ya franga elfu sita, na lita tatu za esanse, yaani petroli, ya jenereta. Hayo ndiyo matumizi yote mpaka leo, na nimeyahesabu mara mbili. Nauli ya pikipiki sikuiweka, kwa sababu siku ile ningepita njia ile hata kama picha zingekuwa salama.

Mimi ni ekonoma wa shule moja ya sekondari hapa Uvira. Kazi yangu ni kununua kwa bei ndogo na kufungia kwa kufuli kubwa. Chaki iko kwangu, mpira uko kwangu, ufagio uko kwangu, na mwalimu akitaka sponji ya ubao ananiletea kwanza ile iliyochakaa. Kabla ya hapo niliuza vitenge Kavimvira, karibu na mpaka, miaka mingi ya kutosha kujua kwamba bei ya kwanza mtu anayokutajia ni salamu tu.

Katika ofisi iliyo jirani na ya prefe, yaani mkuu wa shule yetu, kuna mashine kubwa nyeusi tunayoiita seva. Tuliinunua wakati mradi fulani ulipofunga ofisi yake na kuuza viti, mapazia na hata birika. Ndani yake inaishi programu inayotunza habari zote za wanafunzi, na sisi tunaiita baze. Nasema inaishi kwa sababu ndivyo alivyonieleza fundi aliyeipanga, mtu wa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, ambaye hapa kila mtu anamwita Injeniere. Mashine, alisema, ni kama parseli, yaani kiwanja cha nyumba, yenye wapangaji. Mimi nina chumba changu humo, kwa jina la ekonoma, ambamo naandika malipo ya shule. Baze nayo ina chumba chake na jina lake, na vitu vyake ni vyake. Juu ya wote kuna bwana mmoja anaitwa root, ambaye mlango wowote kwake uko wazi. Neno la siri la baze alituachia. Neno la siri la root aliondoka nalo.

"Ili musije mukaharibu," alisema.

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe funguo za stoo nalala nazo.

Sasa, mtihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari, una dosie zake, na mwaka huu ofisi ya ukaguzi ilitaka dosie ya kila finalisti, yaani mwanafunzi wa darasa la mwisho, ipelekwe na picha yake, zote kwenye flash moja, mwisho siku ya alhamisi saa sita mchana. Picha tulikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya baze, zimewekwa pamoja na dosie tangu mwanzo wa mwaka. Prof wa informatika, mwalimu wa kompyuta, kijana mpole aliyeoa juzijuzi, alipewa kazi ya kuzitoa. Prefe alimwita mbele yangu akampa maagizo. Mwaka uliopita picha zilikaa kwenye kompyuta ya mwalimu mmoja, na ziliporudi, kati ya finalisti wawili tulikuta bibi harusi anakata keki.

"Safari hii," prefe alisema, "uziweke mahali hakuna muntu atagusa. Ata minye mwenyewe."

Prof alitii. Nikisema alitii nina maana alitii kabisa. Aliiamuru baze itoe picha na kuziweka ndani ya chumba cha baze yenyewe, pale ambapo mpangaji mwingine haingii. Kisha, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa na mashine inakohoa, akazifuta zile zilizokuwa ndani ya dosie. Akafunga, akaenda nyumbani kwa mke wake.

Alhamisi asubuhi akakaa mbele ya mashine, akachomeka flash, akaanza kunakili. Kioo kikaandika kwa Kifaransa: *Permission non accordée.*

Akajaribu tena. Kikaandika vilevile.

"Inasema nini?" prefe akauliza, ingawa Kifaransa anakijua kuliko sisi wote.

"Inasema hatuna ruhusa, Prefe."

"Sisi? Kwa mashine yetu?"

"Picha ni za baze sasa. Baze njo iliziandika, basi zimechukua jina lake. Na ziko mu chumba yake."

Prefe alisimama akiitazama ile mashine kama mtu anayemtazama mpangaji aliyebadilisha kufuli. Kisha akafanya kile anachofanya vizuri, akatoa uamuzi. Finalisti waitwe wote, waende kwa mpiga picha wa rondpwe, pale kwenye mzunguko wa barabara, kila mmoja picha mpya, na kabla ya saa sita tumemaliza. Watoto wengi wanakaa karibu, ilikuwa inawezekana. Nilihesabu orodha kwa kidole. Niliirudia. Wote wangepatikana isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni wangu.

Ni binti wa dada yangu mdogo, lakini nimemlea mimi tangu hajui kufunga viatu. Mwaka uliopita alikosa mtihani kwa sababu ya homa iliyomlaza wiki nzima ileile ya mtihani. Akarudia darasa, akakaa na wadogo, akavumilia kuitwa "bibi" na watoto waliomzidi kelele tu. Na wiki ile alikuwa Lubarika, kwenye kilio cha nyanya yake wa upande wa baba. Mvua ilikuwa imekata barabara ya uwanda, na simu yake ilikuwa imezimwa tangu jumanne. Hakukuwa na namna ya kumpata, sembuse kumpiga picha.

"Huyo atangoja mwaka ujao," prefe alisema, kwa upole, kwa sababu alijua anasema na nani.

"Prefe, alishangoja."

"Mama Ekonoma, nitakosesha wote kwa ajili ya mumoja?"

Swali zuri. Nilimwomba saa moja. Alinipa nusu. Nikamwambia nusu haitoshi hata kuchemsha maharage, tukakubaliana dakika arobaini na tano, na yeye aanze kuwaita wengine kwa mpiga picha. Haki yake.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, mashine inakula jenereta, na jenereta inakula esanse niliyoipima mwenyewe. Nikamgeukia Prof.

"Weye uliingiza. Toa."

"Mama, iko njia moja. Baze inaweza kupewa amri ikiwa ndani, na yenyewe ikaamuru mashine. Nitaingia mu baze, niiambie ibadilishe mwenyewe wa faili. Zitoke jina lake, ziingie jina lako."

"Kwa hiyari yake?"

"Kwa hiyari yake. Tuko na neno lake la siri."

Nilipenda wazo lile. Mwenye mali mwenyewe anasema, hiki nampa fulani. Hakuna wizi hapo. Prof akaingia ndani ya baze, akaandika mstari mrefu wenye neno *chown*, ambalo alisema ndilo la kubadilisha mwenyewe, akaweka jina langu, akabonyeza. Kioo kikakataa:

*Opération non permise.*

"Umekosea herufi," nikasema.

Akaandika upya, polepole, akinisomea. Jibu likawa lilelile. Akavua miwani, akaifuta na shati.

"Aka. Nilisahau. Mwenye faili hawezi kuipa mwingine. Ni root peke yake anaweza."

"Yaani kitu ni changu, na siwezi kukitoa?"

"Njo ivyo."

Mtu wa Uvira hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Parseli ni yako, umeijenga, umeipanda mipapai, na siku ya kumpa mwanao bado unamhitaji shefu wa avenyu, yaani mkubwa wa mtaa, mashahidi, na soda zao. Root alikuwa shefu wetu wa avenyu. Na muhuri wake ulikuwa Bujumbura, mfukoni mwa Injeniere.

Nikampigia.

"Allo, Injeniere, za huko?"

"Iko muzuri, Mama Ekonoma. Weye kunipigia asubui ivi, mashine imekufa?"

"Haijakufa. Imekuwa tajiri. Inashika vitu vyetu na inakatala kurudisha."

Nikampa Prof simu akaeleza. Nilisikia Injeniere akicheka upande wa pili, cheko la mtu aliyesikia bei ya ng'ombe ikipanda na yeye ndiye mwenye ng'ombe. Nikaichukua simu kabla cheko halijafika mwisho.

"Tupe neno la root."

"Neno la root halisemwi mu simu, Mama. Ni lazima nije minye mwenyewe. Dola makumi tano, na transporti."

"Makumi tano! Unakuja na mke na watoto?"

"Ni kazi ya ufundi, Mama."

"Ufundi wa kuandika neno moja. Minye nakupa kumi, na unakula chakula cha mchana."

"Makumi ine."

"Kumi na mbili, na chakula kina nyama."

"Mama, leo ata ukinipa mia siwezi kuvuka. Niko kwa kazi. Kesho asubui. Mwisho makumi tatu."

Kesho ilikuwa haina maana. Na mfukoni nilikuwa na dola kumi na moja, nazo siyo zote zangu. Simu inakula krediti, jenereta inanguruma nje, na kupitia dirishani nilikuwa naona finalisti wa kwanza wakirudi kutoka rondpwe, wamechana nywele, wanaonyeshana picha.

Hapo zikanijia siku za Kavimvira. Bei inapokataa kushuka tena, mnunuzi mbaya anaondoka na hasira. Mnunuzi mzuri hashindani na bei. Anapunguza kitu. Hawezi kununua pisi nzima ya kitenge, anauliza yadi mbili ni ngapi, na mimi nachukua mkasi.

"Injeniere," nikasema, "weye ulishanunua vitenge kwangu."

"Ndiyo, Mama. Na uliniibia."

"Nilikukatia. Bei ya pisi ilikushinda, nikakukatia yadi mbili, mke wako akashona, akapendeza. Kweli ao bongo?"

"Kweli."

"Basi na weye nikatie. Minye sina haja picha zikuwe zangu. Zibaki za baze, izitunze mpaka mwisho wa dunia. Ninataka kuziona tu na kutoka nazo. Kuona ni bei gani?"

Nikasikia kiti kinasukumwa.

"Mama Ekonoma, ungekuja ufundi tungekosa kazi. Kuona haiitaji root."

"Niliona nina sababu ya kuuliza. Sema."

"Dola tano."

"Hujasema kitu bado."

"Nikisema utakata simu."

Alinijua. Tukaafikiana dola tano kwa simu, palepale, pamoja na kilo mbili za ndagala kavu za Makobola, kwa sababu Bujumbura wanalivua ziwa hilihili lakini ndagala zao, alisema, siku hizi zina bei ya dawa. Nikatuma tano. Akahakikisha zimeingia, nikamsifu kimoyomoyo, kisha akaanza kusema na mimi nikaweka simu juu ya meza Prof asikie.

Ilikuwa rahisi hata ikanikasirisha. Baze haiwezi kukupa kitu chake, lakini inaweza kukinakili na kukiweka nje, mahali pa wote. Kila mashine ina uwanja wa namna hiyo, kama uwanja wa parseli ambapo wapangaji wote wanaanika nguo, na yeyote anaweza kuacha kitu pale. Baze ikishaweka nakala pale uwanjani, iamriwe kuziachia macho ya wengine, yaani yeyote azisome. Mpangaji mwingine akizisoma, anaweza kuzinakili. Na nakala, Injeniere alisema, inachukua jina la yule aliyenakili.

"Lakini Prof," akaongeza, "ule uwanja unafagiwa. Mashine ikizimika na kuwaka, hakuna kitu utakuta pale. Fanya mbio."

"Jenereta iko na esanse ngapi?" Prof akaniuliza.

Nilijua ni ngapi. Nikatoka nje na kile kidumu cha lita tatu nilichokuwa nimekificha stoo nyuma ya madeski yaliyovunjika, nikamimina, nikarudi.

Prof aliingia tena ndani ya baze. Amri ya kwanza, nakili mpaka uwanjani. Kioo hakikulalamika. Amri ya pili, fungua zisomwe. Hakikulalamika. Akatoka ndani ya baze, akawa sasa anatumia chumba changu, jina langu, na kutoka humo akazichukua zile picha uwanjani moja kwa moja. Zikaanza kushuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari, na pembeni ya kila moja neno *ekonoma*.

"Mutafute wangu," nikasema.

Alikuwepo. Picha ya mwanzo wa mwaka, shati limepigwa pasi, ameuma midomo kama anavyofanya akiambiwa asicheke. Nikazihesabu zote dhidi ya orodha, nikazihesabu tena kuanzia chini, Prof akiwa ameshikilia flash na anaomba kwa macho niache. Zilitimia. Tukazitia kwenye flash, nikaichomoa mwenyewe.

Prefe alikuwa barazani na nusu ya finalisti na bahasha ya picha mpya. Nilimwonyesha flash.

"Zote?"

"Zote, na mmoja."

Alipanda pikipiki moja na mimi nyingine, na saa sita haijafika tulikuwa kwenye meza ya ofisi ya ukaguzi, karani anazifungua moja moja, anapiga muhuri kwenye orodha. Alipofika kwa binti yangu alisimama kidogo, nikashikilia pumzi, kumbe anapiga chafya. Muhuri ukashuka.

Jioni nilipita kununua ndagala za Injeniere, nikampa dereva anayevuka kila siku. Binti alirudi jumapili, amechoka na matope mpaka magotini, nikamweleza, akacheka sana kusikia amekaa ndani ya chumba cha baze asubuhi nzima na mimi nagonga mlango. Nilidhani mambo yamekwisha.

Wiki mbili baadaye prefe alimwomba Prof amwonyeshe zile picha kwenye mashine. Alitaka tu kuona, alisema. Prof akazifungua. Prefe akateremsha macho kwenye kioo na kukuta neno *ekonoma*, na chini yake *ekonoma*, na chini yake tena *ekonoma*, mpaka mwisho wa orodha. Akaniita.

"Mama, kwa nini finalisti wa shule yangu wako kwa jina lako?"

Nikamweleza parseli, uwanja, nguo zinazoanikwa. Alisikiliza vizuri.

"Nimeelewa. Sasa uziweke kwa jina langu."

"Siwezi, Prefe. Mwenyewe hawezi kutoa. Ni root tu."

"Weye unakatala."

"Mashine njo inakatala." Nikamwita Prof, tukajaribu mbele yake. *Opération non permise.* Prefe akanitazama kama vile nimeipa mashine soda ili iseme hivyo.

Nikamwambia basi anakili, nakala itachukua jina lake. Lakini prefe hana chumba ndani ya mashine, hakuwahi kukitaka, na wa kumfungulia chumba ni root. Nikampa flash. Akauliza kwenye flash picha ni za nani. Prof, ambaye hajui kunyamaza, akasema kwenye flash faili hazina mwenyewe kabisa. Prefe aliirudisha mezani kwa vidole viwili.

"Tena hizo ni kopi," akasema. "Minye siyo muntu wa kopi. Ninataka orijinali."

Hapo nilishindwa. Mtu huyu ameongoza ofisi miaka yote kwa kudai orijinali. Diploma ni orijinali, cheti cha kuzaliwa ni orijinali, na kopi bila muhuri wa konforme, ule wa kuithibitisha, anaifungia karanga. Nilimwambia ndani ya mashine kopi na orijinali ni kitu kimoja, hakuna wa kuzitofautisha. Akanijibu kwamba maneno hayo ameshayasikia kwa watu wengi waliomletea diploma.

Nikampigia Injeniere kuuliza bei ya root. Dola makumi nane. Kwa nini imepanda? Kwa sababu, akasema bila haya, prefe pia amempigia simu, na sasa wanunuzi tuko wawili.

Na juzi makaro zimefika, zile kadi zenye picha ambazo finalisti anavaa kifuani, na bila hiyo haingii chumba cha mtihani. Prefe amezigawa zote isipokuwa moja. Ya binti yangu iko kwenye droo yake. Anasema hainyimi, anaitunza, na siku nitakapompa picha zake ataniletea mwenyewe. Hana ubaya. Anaamini napatana bei, kwa sababu hajawahi kuniona nikifanya kitu kingine.

"Mama mukubwa, umupe tu," binti ananiambia kila jioni.

"Nimupe na nini?"

Mtihani ni wiki ijayo. Makumi nane sina, na hata ningekuwa nayo, nikiilipa nitakuwa nimemfundisha Injeniere tabia mbaya. Kwa hiyo nauliza wewe unayesoma, hasa kama umewahi kukaa na mkubwa wa namna hii: mtu ambaye maisha yake yote amekataa kopi, unamweleza kwa maneno gani kwamba kopi hii ninayompa haijapungua kitu? Niambie jinsi ungesema, hata kwa mistari miwili. Lakini unijibu kabla ya jumatatu.